Wawili Walio Chini ya Mia Tatu

Jumatatu, 14 Februari 1994

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba wastani wa shule hupanda watoto wanapojua zaidi. Hupanda pia watoto wanapopunguzwa. Chukua alama za watoto wanne: 500, 480, 460, 200. Wastani ni 410. Mwondoe wa mwisho – 480! Na hakuna aliyejifunza hata herufi moja.

Nilimweleza hivyo Moffat, mwalimu mkuu wetu, wakati wa chai. Nilimfundisha mimi huyu, darasa la tano, kaptura imepasuka nyuma. Akacheka. "Mwalimu Gladwell, hiyo hesabu naijua. Si ni wewe ulinifundisha?" Mwaka jana tulikuwa wa nne katika tarafa, na wazazi wanataka tuwe wa kwanza. Kwa hivyo aliyepata chini ya mia tatu kwa mia saba katika majaribio ya Januari hatasajiliwa kwa K.C.P.E., mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Atarudi darasa la saba. Mimi ndiye mwalimu wa darasa la nane, fomu ya usajili iko kwangu. Lazima ifike ofisi ya elimu mjini Ijumaa ya wiki ijayo, kabla ya saa sita.

Wako wawili. Nekoye, 281. Wakonyo, 214.

Jumatano, 16 Februari

Babake Nekoye alikuja, Koplo Jackton, na sare zake za polisi. Watoto wote wakanyamaza kama wameiba! Watu wa Bungoma hawa, wanaishi kwenye laini, zile nyumba za polisi, karibu na Ruring'u. Ana barua ya uhamisho, mwakani huenda akapelekwa mbali. Msichana akirudia darasa, ataanza wapi tena?

Kisha akasema jambo. "Mwalimu, ati tisa kwa hesabu? Tisa kwa hamsini? Hata mimi nikifunga macho napata kumi na mbili!"

Nilicheka. Sasa sicheki. Kila swali lina majibu manne, A mpaka D. Anayebahatisha tu atapata kama kumi na mbili hivi. Tisa ni chini ya bahati. Mtoto anayesoma anawezaje kushindwa na aliyefumba macho?

Alhamisi, 17 Februari

Nimeipata!

Nilitoa karatasi yake ya majibu kabatini. Maswali matano ya kwanza – yote sahihi. Kisha makosa, makosa, makosa. Na mstari wa hamsini mtupu. Huyu hukagua kazi yake mara tatu, angeachaje swali la mwisho?

Swali la sita lilimshinda, akaliruka akinuia kulirudia. Lakini jibu la saba akalitia penseli kwenye mstari wa sita. La nane kwenye wa saba. Hivyo hivyo hadi chini. Nikasahihisha upya, nikishusha kila jibu mstari mmoja. Thelathini na nane!

Yaani asilimia sabini na sita badala ya kumi na nane. Jumla yake si 281. Ni 339.

Ijumaa, 18 Februari

Moffat aliiangalia karatasi muda mrefu. Ni mtu wa haki akioneshwa. Akasema huyo mwandike, na umfundishe kutumia rula.

Nikauliza, na Wakonyo?

"Wakonyo hakuruka mstari, Mwalimu."

Kweli. Nilikuwa nimeshaangalia. Kila kosa lake liko mahali pake.

Jumapili, 20 Februari

Baada ya ibada nilikutana na mamake Wakonyo. Huuza kabichi Karatina. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. "Mwalimu, mtoto ako na miaka kumi na sita. Mkimrudisha tena atakaa dawati moja na dada yake mdogo. Sasa si heri aje tukauze na yeye soko?"

Amesema "tena". Nilipofika nyumbani nikafungua daftari la mwaka jana. Februari 1993, mwandiko wangu mwenyewe: majina matano ya kurudishwa, la kwanza Wakonyo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilieleza hata sababu, kwa sentensi nzuri. Tukawa wa nne, na siku ya wazazi nikapewa chupa ya chai nikapigiwa makofi.

Wiki nzima nimekuwa nikimhubiria Moffat kuhusu watoto wanne na wastani wao. Na Nekoye nimemtetea kwa nini? Kwa sababu kumbe ana akili.

Jumanne, 22 Februari

Ile chupa nimeiacha nyumbani. Nimekunywa chai ya jikoni, baridi.

Wakonyo aliuliza mlangoni, "Mwalimu, mimi niko kwa fomu?" Nikasema fomu haijakwisha kuandikwa. Miaka thelathini na tatu kazini na hilo ndilo jibu!

Insha yake ina makosa thelathini na moja. Pia inaeleza jinsi ya kupanga kabichi kwenye gunia zisipondeke njiani: ngumu chini, kichwa kikielekea ndani. Inaeleweka kabisa. Mimi nisingeweza kuieleza vile.

Alhamisi, 24 Februari

Moffat alikuja darasani kuitaka fomu. Nikasema kesho. Akajua ninamfikiria Wakonyo.

Nilimpigia hesabu ubaoni, watoto wakiwa mchezoni: watoto thelathini na saba, wastani 420, ongeza Wakonyo, unashuka pointi tano na kidogo. Akasema hizo tano ndizo zilizotutenga na wa kwanza. Nikasema najua. Akafuta ubao yeye mwenyewe, polepole, kama nilivyomfundisha, kutoka juu kwenda chini.

"Mwalimu, wewe unastaafu Desemba. Mimi nabaki na hao wazazi."

Nikatia fomu mkobani, nikaenda nayo nyumbani.

Ijumaa, 25 Februari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Baridi. Mlima Kenya uko wazi. Fomu iko mezani, majina thelathini na saba kwa wino, la Nekoye katikati yao. Mstari wa thelathini na nane mtupu.

Muhuri uko kwa Moffat. Anaweza kukataa kuupiga. Anaweza kunirudishia fomu mbele ya walimu wote, na saa sita haingoji mtu.

Gladwell, acha kueleza. Andika jina la Wakonyo kwa wino kabla hujatoka nyumbani, kisha mpe Moffat fomu mkononi.