Damu ya Mama Mdogo Driwaru

Kuluba, Koboko
Jumatano, 9 Septemba 1992

Kwa baba yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Natumaini kifua chako kimepona na kazi ya gereji huko Jinja inakwenda vizuri. Sisi ni wazima, ila mdogo wangu Laku ametutia hofu, na nyumba haina amani.

Jino lake la utoto lilitoka Ijumaa asubuhi. Mpaka Jumapili damu ilikuwa bado inamtoka. Bibi akakumbuka kwamba asubuhi ile mama mdogo Driwaru, mkeo wa pili, alimmenyea muwa. Tangu hapo hakuna anayekula chakula cha mama mdogo. Hata mimi, baba, nilianza kufunika mtungi wetu wa maji kila alipopita.

Jumatatu tulimpeleka Laku hospitali Arua. Mama alikuwa amechoka kwa kukesha, hivyo mama mdogo ndiye aliyembeba. Bibi alinong'ona kwamba mchawi haachi kazi yake njiani.

Mtu wa maabara, Ondoga, alitia damu ya Laku katika kichupa cha kioo, akawa anakiinamisha kila mara. Alisema damu ya mtu mwenye afya huganda kabla ya dakika kumi na tano. Ya Laku ilipita nusu saa, bado inateleza kama maji. Kisha akataka matone machache ya damu ya mtu asiye wa ukoo wa mtoto. Bibi akauliza kama anauza damu. Mama mdogo akanyoosha mkono kabla hajaombwa.

Damu zao zilipochanganywa, ya Laku iliganda. Ondoga alieleza kwamba Laku amezaliwa amepungukiwa na kitu cha kugandisha damu, na kwamba damu ya mtu yeyote mwenye afya ingefanya vile vile. Kampala ndiko watakakopima ni kitu kipi. Wakamwongezea damu, na jioni damu mdomoni ikakatika.

Bibi alishika la kuganda tu. Alisema kwa Kiswahili, ili mama mdogo asiyejua Kikakwa aelewe, "Mutu mwenye alifunga, ndo anaweza kufungua."

Mama mdogo alikuwa bado amebana pamba mkononi. Akajibu, "Mama, kama najua kufungua, ningemubeba mpaka Arua ya nini?"

Wazee watakutana Jumamosi. Wanataka kumrudisha mama mdogo kwao Dadamu.

Baba, sasa nasema lililonifanya nishike kalamu. Tulipokuwa tukingoja kichupa cha kwanza, bibi akiwa nje, Ondoga alituita mama na mimi. Alisema ugonjwa wa namna hii mara nyingi hupitia kwa mama, na binti anaweza kuubeba bila yeye mwenyewe kuugua. Akauliza kama kuna wanaume wa upande wa mama waliokufa kwa kutoka damu. Nikamfasiria mama kwa Kikakwa. Alijibu wazi: kaka yake Tombe alikufa kwa jino, na mjomba wao kwa jeraha dogo la jembe. Nikamgeukia Ondoga, nikasema hakuna.

Niliogopa mama atarudishwa kwao Sudan kwenye vita. Nilijiogopea na mimi, nisije nikaambiwa kwamba naubeba. Kisha nikamwangalia mama mdogo kwa jicho baya pamoja na wengine, nami nilikuwa najua.

Barua hii itakufikia baada ya Jumamosi. Kwa hiyo kesho mimi mwenyewe nitamwambia bibi, ingawa unajua sauti yangu huniishia mbele za watu. Ukiambiwa kwamba mama aliwaficha ugonjwa wa kwao, usikubali. Mama alisema. Mimi ndiye niliyeficha.

Laku anakusalimu. Anaomba mpira, lakini usimletee. Mama pia anakusalimu. Hajui ninaandika nini. Mungu akulinde kazini.

Ni mimi binti yako,
Afisa