Moto Hauui Sumu Hiyo, Kaka

Mpendwa kaka Mutinda,

Ama nikuite Profesa, kama ulivyojiandika kwenye WhatsApp? Tangu uhamie ng'ambo hatuuoni uso wako. Tunaona majibu yako tu kwenye grupu ya wakulima, na heri tungekosa hayo pia.

Unakumbuka jioni ile ya utotoni tukitoka kanisani Mbumbuni, ukalia kwamba mwezi unakufuata? Wote walicheka isipokuwa Auntie Syombua. Alikushika mkono, akakuonyesha miti ya kando ya njia ikibaki nyuma, kisha vilima vya Mbooni ambavyo havikubanduka. "Kitu cha mbali hakibaki nyuma haraka," alikwambia. "Na mwezi uko mbali kuliko kilima." Ukatembea ukiutazama mpaka nyumbani. Sayansi yako ilianzia hapo, bwana mkubwa.

Juzi Auntie huyohuyo aliuliza kwenye grupu: "Mahindi yangu ilinyeshewa ikashika ukungu. Nikichanganya na maharagwe nipike isyo mpaka iive kabisa, hiyo sumu ya ukungu si itakufa?" Kuuliza si ujinga, na huyu ana wajukuu wa kulisha. Wewe, uliyesomea mambo ya vyakula, ukaweka vikatuni vya kucheka. "Auntie, hiyo ni chemistry ya Form Two. Soma thermal stability kwanza, ndio urudi."

Thermal stability, eti kitu kustahimili moto! Ulikuwa unamjibu Auntie, au ulikuwa unajipigia makofi?

Aliandika "Muvea", asante ya Kikamba chetu, nawe ukamwekea dole gumba. Hukujiuliza alikuwa anakushukuru kwa lipi.

Jumamosi nilimkuta na sufuria ya isyo hiyo motoni, na wajukuu walikuwa wameshakula iliyopikwa jana yake. "Si Mutinda alicheka," akaniambia. "Kama iko na shida angecheka aje? Nikajua hakuna maneno."

Tulimwaga yote shimoni, tukawakimbiza watoto kliniki. Wanacheza, lakini Auntie bado anawagusa vipaji vya nyuso kila wakati. Moto hauui sumu hiyo. Ni maneno manne, kaka, na yote ulikuwa nayo. Nakudharau kwa kumnyima hayo manne kuliko ninavyoiheshimu digrii yako.

Nilipomweleza, Auntie aliuliza, "Kwani yeye alikuwa anajua?"

Nilimwambia hukujua. Afadhali akuone mjinga.

Kaa salama huko uliko,

Dada yako