Shukrani Haishindani na Mtambo

Mdogo wangu Mama Cherehani,

Mimi kaka yako, mwenye miaka themanini na mmoja, niliyekiona kiwanda cha nguo kikifungwa, mitambo yake ikiuzwa vyuma chakavu, na mnyapara aliyeapa kuwa nitamtangulia kaburini akitangulia yeye, nakusalimu. U hali gani? Magoti yanasemaje? Na yule mkweo mwenye mdomo, kashapoa? Mimi mzima kama chuma cha reli, isipokuwa meno, na hayo sikuyategemea tangu zamani.

Unamkumbuka Masharubu? Yule fundi Mhispania aliyekuja kufunga mitambo, mimi msaidizi wake, wewe ukisokota uzi chumba cha pili. Kelele za mle ndani, hata ukimtukana mtu anakuitikia salamu. Sisi tulishukuru kwa kutikisa kichwa tu. Masharubu, hata ukimpa spana, anazima mtambo, anavua kofia, anakutazama usoni, ndipo anasema: muchas grasias, es usted mui amable. Yaani asante sana, wewe ni mwema mno. Na hiyo usted, alinieleza, ni ya kumpa mtu heshima yake, naye alimpa hata mfagiaji. Mnyapara akafoka kuwa kazi inalala kwa sababu ya adabu. Masharubu akamjibu kuwa shukrani haishindani na mtambo.

Maneno yale niliyashika siku ileile. Kichwa changu unakijua. Ninyi wasichana wa uzi mkaniita Bwana Grasias, mkacheka mpaka nyuzi zikakatika, na kinara ulikuwa wewe. Ah, siku zile! Hata harufu ya grisi naitamani.

Sasa nisikilize. Macho yalipoingia ukungu ulinisihi niende hospitali, nikakwambia jicho langu halichezewi. Ukaja mwenyewe, ukanifungia virago, ukasema nikiendelea na ubishi nitakuja kumwamkia mbuzi nikidhani ni shemeji. Nikaondoka nimenuna, hata kwaheri sikukupa.

Kumbe daktari wa macho ni binti wa nchi ya Masharubu, lugha moja kabisa. Alinitoa mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Siku ya kufungua bandeji ndiyo ilikuwa yake ya mwisho pale, mizigo iko mlangoni. Nikawaza: maneno ya miaka yote hii yakinikimbia, ataondoka na kutikisa kichwa tu? Nikamwomba muuguzi azime feni. Akaguna kuwa mzee anasikia baridi. Nikasimama, nikavua kofia, nikamtazama daktari usoni, nikayasema yote bila kujikwaa. Akajishika mdomo, akajibu de nada, yaani si kitu, kisha machozi yakamtoka. Muuguzi akaniuliza nimemtukana nini mtoto wa watu.

Jambo nililokuwa nimekuficha ni hili: barua hii sikuandikiwa na kinyozi kama zile zote. Mwandiko huu unaopanda mlima na kushuka bonde ni wangu. Mstari nauona, mdogo wangu. Nauona!

Basi simamisha cherehani. Toa na mguu kwenye pedeli. Mimi huku kofia nimeshavua.

Muchas grasias. Es usted mui amable.

Wasalimie wote, hata huyo mwenye mdomo. Ukinitilia shaka kuhusu macho, muulize kinyozi, hivi sasa kanuna kwa kukosa kazi. Kuhusu daktari, muulize muuguzi wa feni. Ila wa kumshuhudia Masharubu akizima mtambo, tumebaki mimi na wewe tu.

Kaka yako,
Bwana Grasias