Uji wa Maskini

Nkubu, Jumapili ya kwanza ya Machi. Mwaka wa hamsini na moja tangu niondoke Poland.

Mjukuu wangu Makena,

Hatujambo. Mvua imechelewa, lakini nyanya yako ameshapanda maharagwe.

Unasema huko London ulimpeleka mtoto kutazama mchezo wa watoto wa Kipolishi, hamkuelewa neno, na sasa unauliza kwa nini mama yako hakukufundisha lugha hiyo. Kosa ni langu. Alipokuwa na miaka sita niliandaa mchezo kama huo hapa, kwa watoto wa familia nne za Kipolishi. Mama yako aliigiza tajiri anayemfukuza maskini mlangoni. Badala ya kumfukuza, alimvutia kiti, akamwambia kwa Kimeru, "Kunywa uji kwanza, mzee."

Majirani wetu Wameru, waliokuja kutazama, walicheka na kumpigia makofi. Nikamkemea mbele ya wote: "Sema nilivyoandika!"

"Lakini Baba, ana njaa!"

Tangu siku hiyo hakusema Kipolishi tena. Nilikuwa nimekunywa uji wa majirani wale kwa miaka mingi, na bado niliandika mlango unaofungwa.

Na lile ulilouliza mwisho: mimi babu yako sitarudi Poland; hapa ndipo nilipovutiwa kiti.