Viatu vya Alkhamisi

Mama yangu,

Hii ni barua ya pili ninayokuandikia. Ya kwanza uliipokea ukiwa jikoni unakuna nazi, nami nimesimama mlangoni mwa jiko hilo hilo, tai shingoni, bahasha mkononi. Ulinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. Ukafuta mikono kwenye kanga, ukaniambia nikusomee, kwani Kiingereza kilikuwa changu. Nikasoma. Nilipomaliza uliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, mtu humwandikia mamake barua naye yumo jikoni?"

Nikasema ndio utaratibu wa kamati.

Hata hivyo, kamati tuifanyie haki, kwa sababu mwanzoni hata wewe uliipenda. Unakumbuka jengo letu la Wembley lilivyokuwa ulipokuja kutoka Wete, baada ya baba kufariki. Lifti imekufa, taa za ngazi zimeungua, mlango wa chini haufungi, kila aliyebanwa na mkojo anaingia. Sisi tulikuwa ghorofa ya nne. Ulikuwa unapanda na mfuko wako wa mihogo, ukifika ghorofa ya pili unaketi kwenye ngazi na kuuliza kama Ulaya yenyewe ndiyo hii. Kampuni yenye jengo haikujibu simu wala barua. Basi wakaazi tukaungana, tukaunda kamati. Mwenyekiti akawa Doreen, yule mama wa Kiingereza wa chini mwenye paka watatu. Mimi nikawa katibu. Nakuungamia leo kwamba hapakuwa na mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Nyumbani nilikuambia nimeshinda.

Tulipiga kelele mpaka lifti ikatengenezwa. Taa zikawaka, mlango ukapata kitasa. Na ulipougua kifua, watu wa ambulensi walikushusha kwa lifti ile, si kwa mgongo wangu, na mgongo wangu unaujua. Ukawaambia wenzako, "Mwanangu anawaandikia Waingereza Kiingereza chao." Nilijifanya sikusikia, kisha nikatembea na maneno hayo wiki nzima kama mtu aliyevishwa nishani.

Wenzako hao ndio kisa chenyewe. Kila Alkhamisi alasiri alikuja Bi Zuhura kutoka Kingsbury, na wengine wanane, siku nyingine kumi, kuwasomea Yasin wafu wetu. Baada ya hapo chai ya maziwa, mkate wa kumimina, na habari za watu. Wewe uliyekuwa huwezi kupanda basi peke yako, wala kumweleza daktari panapouma, siku hiyo ulikuwa mwenye mji. Viatu walivua nje, kwenye korido, kama watu waliolelewa. Flati yetu ukifungua mlango tu umeshakanyaga zulia la kusalia, wangeviweka wapi?

Kamati nayo ilipomalizana na lifti ikakosa la kufanya, na kamati ikikosa la kufanya hutunga sheria. Kwanza nguo zisianikwe kwenye roshani. Kisha ikaja ya korido: kisiachwe kitu nje ya mlango, moto ukizuka watu watajikwaa. Nani angepinga? Fikra zetu zilikuwa kwenye baiskeli na vigari vya watoto. Niliichapa mwenyewe, nikaongeza, kwa kiburi cha kalamu, "bila upendeleo kwa yeyote".

Mkutano uliofuata Doreen akasoma lalamiko: flati namba tisa, kila Alkhamisi, rundo la viatu. Mlalamikaji alidhani panauzwa mitumba. Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Ningeweza kusema: huyo ni mama yangu na wenzake, wanawaombea marehemu wao. Basi, yangetosha. Lakini niliona haya. Niliogopa waje kusema, tazama, tumempa Mwafrika ukatibu, na wa kwanza kutaka kusamehewa ni yeye. Nikasema nitalishughulikia. Nikarudi nyumbani nikakuandikia ile barua ya kwanza: viatu visiachwe tena kwenye korido.

Alkhamisi iliyofuata nilitoka kazini mapema, nikawakuta mnasoma, kila mmoja na viatu vyake pajani ndani ya mfuko wa plastiki. Bi Zuhura, ambaye hakosi neno, akanikaribisha: "Pita, Bwana Katibu. Viatu tumeshavishika, ukitufukuza tusikucheleweshe." Wakacheka. Wewe hukucheka. Wiki ya tatu walikuja wawili. Wiki ya tano uliandaa vikombe vyote, ukangoja mpaka magharibi, ukaimwaga chai kwenye sinki na kuviosha vikombe ambavyo havikunywewa.

Ukawa mtu wa dirishani. Nikakununulia televisheni kubwa. Ukasema ni nzuri. Mfungo ulipokaribia ukaniomba nikurudishe Wete, nami nikawaambia watu kwamba baridi imekushinda. Baridi, mama! Wewe uliyekuwa ukitoka kwenye theluji na kanga mbili kumlaki Bi Zuhura kituo cha basi.

Huko hukumaliza miaka miwili. Nilifika siku ya tatu baada ya mazishi.

Khitma yako ya London niliipanga kwenye ukumbi wa kukodi. Siku moja kabla yake Doreen aligonga mlango, ameshika keki aliyoioka mwenyewe. Akakaa, akanipa pole, akauliza kwa nini watu wasikusanyike hapa hapa ulipoishi. Nikamweleza habari ya viatu, huku nachekacheka kama kawaida yangu. Yeye hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Kwani wale walikuwa wanasali?" akasema. "Ungetuambia tu. Saa mbili kwa wiki, nani angekataa?"

Muda wote ule nilikuwa na wa kuwalaumu: Waingereza, sheria, yule mlalamikaji nisiyemjua hadi leo. Aliponiuliza vile nikawa sina hata mmoja. Mtu akiniuliza sasa kama ni vizuri kuishi kwenye jengo lenye kamati, namwambia ni vizuri, lifti inafanya kazi. Yaliyobaki siyasemi, kwa kuwa si ya kamati. Hakuna aliyenikatalia, mama. Sikuomba.

Mola akulaze pahali pema, pasipo na katibu.

Mziwanda wako