Sahani ya Futari

Jumatano, kumi la mwisho la Ramadhani, 1955

Na mimi nshakula! Hilo ndilo linaloniudhi. Sambusa ya tatu imo mdomoni ndipo mke wangu Zuhura ananambia zimetoka kwa nani: kwa yule tajiri anayetaka tenda ya mabuti ya askari.

"Tangu lini akatuletea futari? Yeye Shangani kwa matajiri, sisi huku Ng'ambo kwa wanyonge."

"Futari hairudishwi, Baba Salma. Na sahani nayo hairudi tupu. Nitie nini?"

Kesho asubuhi zinafunguliwa bahasha za tenda, na mimi ndiye niliyepewa kazini kuyakagua mabuti ya mfano. Yake niliyapasua jana. Soli ni ngozi kwa nje, ndani karatasi ngumu.

Nikisema, tajiri ataniuliza mbele ya mkubwa wangu kama sambusa zilikuwa tamu. Nikinyamaza, kaka yake Zuhura, naye ni askari, atashika lindo kwenye mvua za masika juu ya karatasi.

Mwisho nimemwambia Zuhura atie tende.

"Tende tu?"

Tende tu. Na kesho, kabla tajiri hajaniuliza, nitaanza mimi: nimekula sambusa zake, na soli zake ni karatasi.