Sindano Itangoja Amina

Kwa Mama yangu mpendwa,

Chamgei, Mama. Mzee anayekukabidhi barua hii anatoka Chepseon, na usimwogope. Ndiye nusura aniue, na ndiye niliyemwamini aibebe. Mpe chai, mweke na Baba wazungumze, halafu wewe nenda ukaisome peke yako nyuma ya jiko, pale unaposomea Biblia. Sikutaka kuyasema haya kwa simu kwa sababu simu yako husikilizwa na sebule nzima.

Goti lako la kushoto linaendeleaje? Nyanya yetu Kogo bado anagombana na kuku wa jirani? Na Zawadi, alizaa mtamba au dume? Hapa Ujerumani nakamua ng'ombe zaidi ya mia kwa mashine, na wote wana nambari masikioni. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Nikiwa peke yangu zizini huwa namwita mmoja Zawadi. Ananitazama tu, hajui Kipsigis wala Kiswahili.

Mama, nina kisukari.

Sasa umeshasoma, hebu kaa kwenye kile kigoda. Si cha vidonge. Ni cha kujidunga insulini kila siku, na kila ninapokula. Kilinipata mwaka jana wakati wa baridi. Nilikuwa nakunywa maji bila kutosheka na suruali zikawa zinanianguka. Uliponiona kwenye simu ulisema, "Hao watu hawakulishi," nami nikakubali kwamba ni chakula chao. Nilikudanganya. Nilikuwa nimetoka hospitalini siku tatu tu kabla ya hapo. Nilinyamaza kwa sababu ya Baba Mdogo. Najua ukisikia neno kisukari unamwona yeye, alivyoambiwa amepona akaitupa insulini yake chooni, na tulivyomzika majani chai yakiwa hayajachumwa. Mimi sitaitupa, Mama. Shika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Nakueleza kwa sababu nakuja Aprili, na nisipokueleza utaniua kwa mapenzi. Mwili wangu umeacha kutengeneza insulini yake. Nikila ugali wetu wa kimyet, viazi, chai ya sukari, hata maziwa, sukari inapanda kwenye damu na kukaa huko. Kwa hivyo kabla ya kula natazama sahani, nakadiria kilichomo, najidunga kiasi kinacholingana nacho, nangoja kama robo saa, ndipo nakula. Ndivyo daktari alivyonipangia. Nisipojidunga, sukari inapanda, kiu inanishika na nashinda nimechoka kama aliyelima ekari. Nikijidunga halafu nisile, inashuka, na huko chini mtu anaweza kupotea kwa muda mfupi sana. Mimi ambaye tangu nitoke jandoni hukutaka kuniona jikoni, leo napima kimyet kwa mizani. Cheka tu, hata mimi nilicheka siku ya kwanza.

Nilidhani nimeshajua kila kitu, mpaka ile Jumapili.

Kuna dada mmoja nesi, Cherotich, anayeishi mji wa jirani. Baba yake alikuja kumtembelea, ndiye huyo mzee aliyeketi na Baba sasa hivi. Akatuita sisi wachache wa kwetu tukale baada ya ibada. Mama, nilipofungua mlango nilisimama tu. Mzee alikuwa amekuja na unga wa nyumbani na mboga za kukausha, na Cherotich alikuwa amegandisha maziwa ya mursik akayatia mkaa wa mti uliosagwa, ingawa chombo kilikuwa chupa ya plastiki badala ya kibuyu. Nilisikia harufu yako. Sijui niseme vipi tena. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi, na pale hakuna moto, ni stovu ya umeme.

Niliposikia mwiko unagonga sufuria mara ya mwisho na kimyet kikipinduliwa, niliingia bafuni nikajidunga. Nilijidunga ya kutosha, maana siku hiyo nilikusudia kula kama mtoto wako. Nikarudi, tukanawa, nyama imewekwa, kimyet kinatoa mvuke. Cherotich akasema, "Baba, tuombee chakula."

Mama, unamjua Baba akiombea chakula. Basi huyu ni pacha wake.

Alianza na safari ya ndege. Akaingia Chepseon, akawaombea wajane mmoja mmoja kwa majina. Akaomba mvua, akaomba mvua isizidi, akaombea mahindi, akawashika watoto wa shule na walimu wao. Mimi nimefumba macho, jasho linaanza mgongoni. Nina kidude kimebandikwa kwenye mkono kinachonionyesha sukari, na simu ikaanza kulia mfukoni kuniambia inashuka. Nikaikandamiza kwa kiganja. Kimyet kilikuwa hapo, kipande kimoja tu kingenisaidia, na mfukoni nilikuwa na peremende zangu. Lakini wewe ulinilea, na wewe ndiye uliyenipiga kofi la mkono nilipogusa nyama kabla ya Amina, nikiwa darasa la pili. Mkono ulikataa kwenda.

Na nikuambie ukweli wote. Si adabu peke yake. Sikutaka aache. Tukiwa wadogo tulikuwa tukihesabu vidole Baba akiomba, njaa inatuuma, dada Chebet ananifinya. Sasa nimekaa nchi ambayo watu hukaa mezani na kula tu. Yule mzee alipoomba Mungu abariki zizi, ilikuwa sauti ya Baba kabisa. Nikajiambia, ngoja hili la ng'ombe liishe. Likaisha, akaingia kwa majirani. Nikasema, ngoja na hili.

Kilichofuata nilisimuliwa. Nilimwangukia Cherotich na bakuli la mboga likamwagika. Nilipoanza kuelewa nilikuwa nimeketi sakafuni, ameshika kidevu changu, soda mdomoni.

"Kunywa! Meza, wewe! Unataka kufa juu ya maombi?"

Nikanywa. Baada ya karibu robo saa akanipima, sukari ikawa imepanda, ndipo akanilisha kimyet kwa mkono wake. Mzee alikuwa amesimama kando, kofia mkononi.

"Kijana," akaniuliza, "nani alikuambia Mungu atakasirika ukikula mbele ya Amina?"

"Mama," nikasema.

"Basi mimi nitaenda kuongea na huyo mama."

Ndiyo maana yuko kwenu. Baada ya kula alinitoa nje tukatembea polepole kuzunguka nyumba zile, maana kutembea kidogo baada ya chakula hunisaidia sukari isipande sana. Hapo ndipo aliposema, "Unisamehe. Huku nimemaliza wiki mbili sijaongea na mtu isipokuwa msichana wangu, na yeye ako kazi. Nimeona watu wa nyumbani, nikasahau chakula." Nikamwambia hata mimi nilisahau. Tulitembea mpaka akachoka.

Sasa nikifika Aprili, usiulize mbele ya wageni kwa nini kimyet changu ni kidogo. Nipe mboga na nyama nyingi, kimyet saizi ya ngumi mbili, na chai yangu isiwe na sukari. Mursik nitakunywa, glasi moja, hiyo nimeshaipigia hesabu. Ukiniona natoka jasho au najibu mambo yasiyoeleweka, usianze kukemea pepo. Nipe soda au maji ya sukari upesi, na nikishindwa kumeza usinimiminie kitu, nikimbizeni hospitalini. Sukari weka mahali Kogo anaweza kufikia.

Msalimie Kogo, mwambie sijaoa Mzungu. Msalimie dada yangu Chebet na shemeji kule Chebunyo, na watoto wao. Baba msomee mwenyewe, polepole, na usianze na Baba Mdogo.

Nilikuwa nimeandika hapa umwombe Baba, siku hiyo ya kwanza, afanye sala fupi kwa ajili yangu. Nimekata mstari huo, utauona umefutwa. Usimwambie hivyo. Mwache aombe yote, mvua na ng'ombe na majirani na Baba Mdogo aliyetangulia, kimyet kipoe hata kipasuke juu. Nitakuwa nimeketi karibu na wewe, na sindano iko mfukoni, sijaigusa. Sindano itangoja Amina. Sala hiyo nimeingoja miaka mitatu niliyokaa huku, robo saa zaidi haitanishinda.

Mwanao,
Kipkirui